Mlimsikiliza Lecter, Mkamsahau Fredrica

Nina ugomvi na wasomaji wenzangu wa hapa Arusha, na nauandika kwa sababu kwa mdomo umetushinda kuumaliza. Kikundi chetu hukutana Kaloleni jioni za Jumamosi, na safari hii tulisoma The Silence of the Lambs, riwaya ya Mmarekani Thomas Harris iliyotoka mwaka 1988. Nakala zilikuwa chache, zikazunguka mkono kwa mkono kutoka Ngarenaro hadi Njiro, moja ikarudi haina jalada. Tulipokaa kuzungumza, karibu nusu ya watu walikuwa wanamsifu muuaji.

Hadithi kwa ufupi, na asiyetaka kujua mwisho aishie hapa. Kuna mtu anateka wanawake, anawafungia siku kadhaa, kisha anawaua na kuwachuna ngozi. Magazeti yamempa jina la Buffalo Bill. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wamekwama. Mkuu mmoja wa upelelezi, Jack Crawford, anamtuma Clarice Starling, binti ambaye bado ni mwanafunzi wa chuo chao cha Quantico, akazungumze na Dk. Hannibal Lecter, daktari wa magonjwa ya akili aliyefungwa kwa kuua watu na kuwala. Lecter anajua kitu, ila hatoi bure. Kila anachokisema, Clarice akilipe kwa kumsimulia jambo la utotoni mwake. Huku nyuma binti wa seneta, Catherine Martin, ametekwa, na siku zake zinahesabika.

Vijana wa chuo walikuwa upande wa Lecter moja kwa moja. "Yule mzee ni noma," alisema mmoja wao, "mtu hajakaa vizuri kwenye kiti, ameshamjua hadi mafuta anayojipaka." Ni kweli, ukurasa ule unasisimua. Na najua sababu nyingine: wengi walimwona kwanza kwenye filamu, kwenye vibanda umiza, kabla hawajashika kitabu. Filamu ile ya mwaka 1991 ilizoa Oscar tano kubwa kwa mkupuo, ikiwemo ya Anthony Hopkins aliyecheza Lecter. Ukishaiona sura ile, kitabuni unamtafuta yeye tu, na kurasa ambazo hayupo unazipita mbiombio.

Lakini hebu tuangalie anachokifanya. Anauza taarifa ili ahamishiwe Memphis, na huko anawaua askari wawili waliokuwa wakimlinda, anajifunika uso wa mmoja wao na kutolewa kwa gari la wagonjwa. Vijana walisimulia mbinu ile hatua kwa hatua, macho yanang'aa. Nikawauliza askari wale waliitwa nani. Kimya. Wanaitwa Pembry na Boyle, na majina yao yameandikwa wazi kabisa. Mwandishi hakuwaficha. Sisi ndio tuliowaruka, tukiwa na haraka ya kuona namna muuaji anavyotoroka.

Hoja yangu ni hiyo. Riwaya ya muuaji wa mfululizo inakupa watu watatu wa kufuatana nao, yaani anayeua, anayepeleleza na anayeuawa, na utakayefuatana naye ndiye atakayekupa maoni yako. Waliofuatana na Lecter walitoka wamefurahi. Mimi nasema walifuata mtu ambaye kitabu chenyewe hakikumpa ushindi wa kesi.

Kesi inatatuliwa chumbani kwa Fredrica Bimmel.

Huyu ni msichana wa Belvedere, mji mdogo wa Ohio. Maiti yake ilikuwa ya tatu kuonekana kwa sababu ilifungiwa uzito ikazama, kumbe yeye ndiye aliyeuawa wa kwanza. Lecter anampa Clarice dokezo: mtu huanza kukitamani kile anachokiona kila siku. Basi. Kazi iliyobaki ni ya Clarice. Anasafiri hadi nyumbani kwa marehemu, anaingia chumbani kwake, anatazama vitu vyake kwa utulivu wa mtu aliyekuja msibani. Anaona cherehani. Anafungua kabati, anakuta nguo anayoishona imewekwa alama za pembetatu, na hapo anakumbuka kwamba mmoja wa waliouawa alikatwa vipande vya pembetatu mgongoni. Muuaji ni fundi. Anajishonea vazi kwa ngozi za wanawake, na Fredrica alikuwa mtu anayemfahamu.

Nilipofika hapo kwenye mazungumzo, fundi wetu wa Ngarenaro alicheka kidogo. Yeye alishajua zamani. Tangu maiti ile ilipokaguliwa, na pembetatu mbili zikatajwa, aliweka kitabu chini akamwambia mwanawe kwamba huyo anayetafutwa anashona, kwa sababu hakuna sababu nyingine ya kukata hivyo mgongoni. FBI nzima haijajua, mama wa cherehani Ngarenaro ameshajua. Akatueleza kwa vidole, akichora mgongoni kwa binti aliyekaa karibu naye, pale nguo inapobana na pale inapoachiwa. Kwangu hayo ndiyo maoni bora tuliyoyapata juu ya kitabu kile, na yametoka kwa mtu aliyesoma akimwangalia aliyeuawa, mwili wake na kazi ya mikono yake.

Ugomvi mkali zaidi ulikuwa juu ya Catherine. Anatekwa namna hii: usiku, nje ya nyumba anapoishi, anamwona mwanamume mwenye mkono uliofungwa plasta anahangaika kupakia kiti kikubwa kwenye gari. Anamsaidia. Anaingia ndani ya gari kukivuta kiti, na mlango unafungwa. Kaka mmoja, dereva wa watalii, akasema binti yule ni mjinga, usiku mtu humsaidii usiyemjua. Wanawake waliokuwepo walimjia juu, na mimi nilikuwa pamoja nao. Catherine hakutekwa kwa ujinga, alitekwa kwa utu wake. Hila ile hata haikubuniwa na Harris: Ted Bundy, muuaji wa kweli wa Marekani wa miaka ya 1970, alijifunga mkono akiomba wasichana wamsaidie kubeba mizigo. Sasa mtu akisoma mkasa huo na la kwanza kusema ni kumlaumu aliyenyoosha mkono kusaidia, naogopa. Tunasema vivyo hivyo binti wa mtaani kwetu akipatwa na jambo: alifuata nini kule, saa zile?

Mama yake Catherine, Seneta Ruth Martin, anatokea kwenye televisheni na kulirudia jina la bintiye, Catherine, Catherine. Clarice anaelewa mara moja kwa nini: anataka muuaji amwone binti kama mtu, kwa sababu mtu ni vigumu kumchana. Buffalo Bill, aliyemfungia shimoni, anamwita kana kwamba ni kitu.

Hapa ndipo Mama yetu aliyefanya kazi AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa hapa Arusha, alipozungumza, naye si mwepesi wa kusema. Alikuwa akifanya kazi za ofisini jengo lile enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Alisema sura zinazosimuliwa kutoka kichwani mwa Buffalo Bill hakuzisoma, alizikunja akazipita. "Wanangu, mimi yale nimeyasikia kutoka kwa waliopona. Sina haja ya kujua aliyekuwa anaua alijisikiaje." Mashahidi wengi kule walitajwa kwa herufi tu, kwa usalama wao, na hata hivyo, alisema, ukishamsikia mtu akieleza siku yake, herufi mbili zile zinamtosha kuwa mtu kamili. Kijana mmoja akauliza kwa heshima kama basi kitabu hakifai. Akajibu kwamba kinafaa, kwa sababu ya chumba cha yule msichana.

Hatukukubaliana juu ya kuruka kurasa. Mimi naona sura za muuaji zina kazi, zinatuonyesha kuwa Buffalo Bill hana ukubwa wowote, ni mtu mdogo mwenye mbwa wake na cherehani yake. Ila Mama yule simbishii haki yake ya kuzikunja.

Mtu akitaka kuona jambo hili nje ya riwaya, kuna Jack the Ripper, muuaji wa London wa mwaka 1888. Zaidi ya karne watu wamebishana alikuwa nani. Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold akatoa kitabu kiitwacho The Five kinachoeleza maisha ya wanawake watano waliouawa, Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly, bila kujishughulisha na muuaji. Nani kati yetu aliwahi kuyasikia majina hayo?

Mzee wetu wa Ilboru alikuwa na shida tofauti kabisa: kondoo. Jina la kitabu linatokana na kumbukumbu ya Clarice, alipokuwa na miaka kumi, baba yake ameshauawa na majambazi, yeye kapelekwa kwa ndugu wenye ranchi Montana, na usiku anaamshwa na vilio vya wana-kondoo wanaochinjwa. "Mbuzi ndiye anayelia," Mzee alisema. "Kondoo ukimlaza, amelala. Huyu aliyeandika hajachinja." Hata Isaya 53 inamtaja kondoo anayenyamaza. Dereva akajaribu kumweleza kwamba mwana-kondoo akitengwa na mama yake hulia usiku kucha, na huenda hicho ndicho alichokisikia Clarice. Mzee hakununua. Tangu ukurasa ule aliacha kukiamini kitabu, na kwa mtu aliyeishi na mifugo nadhani ana haki. Nilipenda kwamba alikipima kwa anachokijua.

Kasoro za kitabu zipo. Buffalo Bill anayetaka kujigeuza mwanamke aliwaudhi watu wengi Marekani, hata Oscar za mwaka 1992 ziliandamana na malalamiko, na sentensi chache za kujihami alizoziweka Harris hazitoshi. Baya zaidi ni kilichofuata. Mwaka 1999 alitoa Hannibal, na humo Lecter amekuwa ndiye wa kupendwa, na mwisho Clarice anaondoka naye. Dada zetu wawili waliokisoma wana hasira hadi leo. Nami naona mwandishi alijiunga na waliokuwa wanashangilia, akamsaliti msichana aliyeingia chumba kile Belvedere.

Wapo waliosema haya ni mambo ya Wazungu, kwetu hayasomeki. Hilo silipokei. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alianza kuchunguza maiti katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka 1965, jasusi Willy Gamba wa riwaya za Musiba alifuata, na marehemu Ben Mtobwa alikipa kitabu chake jina ambalo lenyewe ni sauti ya muuaji, Najisikia Kuua Tena. Wazazi wetu walivisoma kwenye mabasi ya Moshi hadi vikachanika.

Hicho cha Mtobwa ndicho tulichokichagua sasa, na safari hii tumewekeana sharti: kila atakayezungumza aanze na aliyeuawa, jina lake na alichokuwa akifanya siku ile. Vijana wamekubali shingo upande. Nakala tumepata moja tu, imepigwa gundi mgongoni, na fundi wetu ndiye aliyeanza nayo. Mwenye nyingine Arusha au Moshi atuazime, tutairudisha.