Asilimia 75 ya nini? Mahudhurio chuoni na hesabu isiyoonyeshwa

Kanuni iliyozoeleka inasema mwanafunzi asiyefikisha asilimia 75 ya vipindi vya kozi haruhusiwi kufanya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ya kozi hiyo. Wanaoitetea si watu wa kubezwa. Mwaka wa kwanza wengi wametoka kidato cha sita, kwenye kengele na mwalimu wa zamu, na wakifika chuoni Dodoma hakuna anayewaamsha. Semina ya watu 25 wakija wanne haiwi semina tena, na waliojiandaa kuwasilisha wanaongea na viti. Bumu la Sh10,000 kwa siku la kula na malazi ni mkopo wa fedha za umma, kwa hiyo kuuliza kama anayelipwa anasoma ni halali kabisa. Na kwa wanaozunguka wodi za Hospitali ya Benjamin Mkapa, au walio maabara, sioni hata cha kubishania: kutundika dripu hakudeswi, yaani hakujifunzwi kwa kunakili notisi za wengine.

Ugomvi uko kwenye ukumbi wa mihadhara, na huko lawama imeshuka kwa mwanafunzi haraka mno. Chukua kozi yenye mihadhara miwili na semina moja kwa wiki, muhula wa wiki 15. Hivyo ni vipindi 45. Asilimia 75 ni vipindi 34, yaani una ruhusa ya kukosa 11. Hapo kanuni ni ya huruma, na anayeshindwa kuifikia hana cha kujitetea.

Lakini karatasi ya kusaini mahudhurio haizunguki mara 45. Mhadhiri mwenye kozi tatu na darasa la watu 300 anaweza kuizungusha mara sita muhula mzima. Sasa asilimia 75 ya sita ni nne na nusu, kwa hiyo lazima uwe umesaini mara tano. Aliyehudhuria vipindi 43 kati ya 45, akakosa viwili ambavyo kwa bahati mbaya vilikuwa kati ya vile sita vilivyosainiwa, ana nne kati ya sita: asilimia 67. Huyo hafanyi UE. Mwenzake aliyeingia darasani mara tano tu, zote siku za karatasi, ana asilimia 83 na anaingia chumba cha mtihani kifua mbele. Kanuni ni ileile na mhadhiri ni yuleyule.

Tena siku hizo sita haziokotwi kwa kura. Mhadhiri hukumbuka karatasi anapoona ukumbi mtupu, na ukumbi huwa mtupu kwa sababu: mvua ya Januari imegeuza njia za Ng'ong'ona, jirani na chuo, kuwa matope, bumu limechelewa na nauli imekata, au ni Ijumaa kabla ya sikukuu. Kwa hiyo kinachopimwa si mazoea ya mtu kwa muhula mzima. Zinapimwa siku zake mbaya kuliko zote.

Karatasi yenyewe nayo ina mwendo wake. Watu 300, kila mmoja sekunde 10 za jina, namba ya usajili na saini, ni sekunde 3,000, yaani dakika 50. Kipindi cha saa moja kinakaribia kuisha kabla haijafika nyuma. Wa mwisho wanasaini wakiwa wamesimama, CR, mwakilishi wa darasa, anasubiri mlangoni, na hapo ndipo mtu anasainiwa na rafiki aliyeko hosteli. Kuweka msimbo wa kuskani ukutani hakujaponya kitu. Picha yake inafika kwenye kundi la WhatsApp kabla mhadhiri hajafungua slaidi ya kwanza.

Wapo pia watumishi wanaosoma jioni. Anayetoka ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, saa 9:30 alasiri anawahi kipindi cha saa 11 mjini vizuri tu, ila bosi akiitisha kikao cha dharura, hakuna ED, yaani ruhusa rasmi ya kukosa kipindi, ya kikao.

Watetezi wa kanuni wana jibu moja zito. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 10 ni saa 100, na vile vipindi 45 havifiki hata nusu. Zilizobaki ni za maktaba, vimbweta (meza za nje za kusomea) na kazi za kikundi. Wao husema, na mara nyingi ni kweli, kwamba anayekwepa zile 45 huwa hazifanyi hata hizi 55. Anasubiri madesa wiki ya mwisho. Nakubali. Ila huyo CA (majaribio na kazi za muhula) na UE zitamkamata bila karatasi, na adhabu yake itatokana na alichoshindwa kujua.

Kama asilimia ni lazima ibaki, basi ihesabiwe kwenye semina, ambako watu 25 wanasaini kwa dakika nne na anayeongoza anajua sura. Idadi ya siku za kusaini iandikwe kwenye mpango wa kozi wiki ya kwanza, isipungue 12, maana kwa 12 unaweza kukosa tatu bila kuanguka. Jumla za kila mtu zibandikwe kwa namba ya usajili wiki ya 5 na ya 10, pingamizi na ED zipokelewe hapo hapo. Orodha ya waliozuiwa ikitoka siku mbili kabla ya UE, aliyeonewa hana tena muda wa kupanda ngazi za idara kutafuta karatasi ya mwezi wa kwanza wa muhula, ambayo pengine ilibaki kwenye begi la CR.