Bahasha za Mfunguo Tatu

Ninalima robo hekta ya mpunga katika kijiji kimoja cha wilaya ya Klaten, kati ya miji ya Yogyakarta na Solo, kisiwani Java nchini Indonesia, mahali ambapo Mlima Merapi huonekana alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, na ninapenda ieleweke kwamba adui wa mkulima wa Java si volkano. Volkano hulipuka mara mojamoja, na majivu yake, pamoja na madhara yote, hatimaye huurutubisha udongo, kwa hiyo angalau kuna kinachorudi. Adui wa mkulima wa Java ni bahasha.

Mwezi wa Mfunguo Tatu, ambao sisi tunauita Besar, ndio msimu wetu wa harusi. Mwaka 1633 Sultan Agung wa Mataram aliunganisha kalenda ya zamani ya Saka na miezi ya Kiislamu, na tangu hapo wazee wetu wamekuwa na miezi ya kutosha ya kukataza. Ramadhani haozwi mtu. Mfunguo Pili wazee hawautaki. Muharram ndiyo kabisa, kwa maana anayethubutu kuoa mwezi huo huambiwa anajitafutia balaa mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba kila mwenye binti huisukumiza harusi yake katika Besar, na mimi mwenye mfuko mmoja hupokea mialiko inayogongana siku na saa, yote imeandikwa kwa lugha ya unyenyekevu mkubwa, kana kwamba ni mimi ninayefanyiwa hisani.

Mgeni haendi harusini bila bahasha, na ndani yake huwekwa rupia 50,000, ambazo sokoni hazinunui hata kilo nne kamili za mchele mzuri, lakini shambani ni jasho la siku nzima. Juu yake huandikwa jina, tena kwa herufi zinazosomeka, kwani usiku uleule wageni wakishaondoka wenye shughuli huketi chini, mmoja akifungua na kusoma, mwingine akiandika katika daftari ambalo hutunzwa vizuri kuliko hati ya shamba. Siku nitakapooza mimi, wao watafungua ukurasa wangu na kunirudishia kilekile nilichotoa, au zaidi kidogo. Anayerudisha pungufu hatasemwa mbele yake, kwa sababu sisi Wajava ni watu wa adabu. Atasemwa jikoni, vitunguu vikikatwa.

Usifikiri kwamba fedha peke yake inatosha. Mke wangu hutangulia siku kadhaa kabla kwenda kusaidia kupika, na hubeba mchele katika kapu. Nasi tunaporudi kutoka kwenye shughuli hupewa fungu la kwenda nalo nyumbani, ambalo zamani lilikuwa chakula kilichopikwa, na siku hizi mara nyingi ni vitu vibichi: mayai, sukari, tambi, na mchele. Safari moja nilikifungua kifurushi hicho nikaona punje zenye mchanganyiko uleule wa chenga ninaoufahamu kutoka kwenye mashine mbovu ninakokobolea. Mchele wangu ulikuwa umezunguka kijiji kizima, ukahudhuria harusi, ukarudi nyumbani umepungua.

Harusi zikipoa huja hitima. Waislamu wa nchi nyingine husoma ya arobaini wakatosheka. Sisi tunaanza siku ya tatu, kisha ya saba, ya arobaini, ya mia, tunaadhimisha mwaka, na hatukomi mpaka siku ya elfu moja itimie. Jirani yangu, Mungu amrehemu, akiwa hai hakuwahi kuniita hata nikanywe chai, lakini tangu afe ananialika kila mara.

Mambo haya yote hukumbushwa katika mkutano wa mtaa, chini ya kiongozi ambaye ni sawa na mjumbe wa nyumba kumi. Utaratibu huo wa kuwafunga majirani katika makundi tuliletewa na Wajapani walipoitawala Java wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wajapani waliondoka mwaka 1945. Mikutano haikuondoka. Hapo ndipo hupangwa zamu za sungusungu, na hapo ndipo kila nyumba iliagizwa kutundika kikopo ukutani karibu na mlango, ili walinzi wakipita usiku wachukue humo sarafu au mchele kidogo kwa ajili ya mfuko wa mtaa. Mwizi hatujamwona siku nyingi. Kwa hiyo mtu pekee anayeondoka na mchele wangu usiku ni yule anayeulinda.

Mtu wa mjini ataniambia nilipe yote hayo kwa mavuno. Mavuno nayo yana wageni wake, na hao hawana hata bahasha. Panya hawali mpunga kuanzia ukingoni, ambako ningewaona. Huanza katikati ya jaruba, wakikata mashina chini kwa chini, na mimi nimesimama kwenye tuta nikilisifu shamba langu lilivyostawi. Sasa wataalamu wametushauri tuwafuge bundi. Bibi yangu alinifundisha kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba unakuja, na leo ndege huyohuyo tumemjengea kibanda juu ya nguzo katikati ya mashamba, chenye paa lisilovuja, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu langu. Kinachosalia humuuzia dalali mpunga ukiwa bado umesimama shambani. Yeye hupita kandokando, hutazama mara moja, hutaja bei, nami hukubali kwa sababu Besar iko karibu.

Tumaini langu lote lilikuwa kwa binti yangu. Daftari ninalo, wadeni wangu ninawajua kwa majina, na alipotuletea mchumba nilikwenda kwa mzee anayepiga hesabu za siku za kuzaliwa nikiwa na furaha ambayo haikuwa ya baba peke yake. Sisi, pamoja na juma la siku saba, tuna juma jingine la siku tano za soko, na kila mtu huzaliwa na siku mbili. Ikadhihirika kwamba kwa siku za soko binti ni wa Wage na kijana ni wa Pahing. Mzee akaweka kikombe chini.

“Wage na Pahing hawaoani, mwanangu.”

“Lakini, Mbah,” nikasema, maana ndivyo tunavyowaita wazee, “wamekutana kiwandani huko Jakarta, na hakuna aliyewauliza siku ya soko.”

Akanyamaza kwa muda mrefu wa kutosha kunifanya nijione mtovu wa adabu, kisha akasema kwamba dawa haikosekani: nifanye kwanza karamu ya dua, yenye mnara wa wali wa manjano na kuku mzima, nialike mtaa wote. Nilipouliza kama waalikwa wangeleta bahasha, alinieleza kwa upole kwamba kwenye dua hakuna bahasha, isipokuwa ni mimi nitakayewapa mafungu ya kwenda nayo nyumbani.

Mke wangu amekwisha kuandika orodha ya mahitaji. Kuku tutamnunua kwa mkopo, na nazi nimeambiwa nikwee mnazi nikaziangue mwenyewe.