Namba Kwenye Mkono wa Mateka

Kila anayesimulia utekaji wa ndege uliofikia Entebbe, Uganda, mwaka 1976 hufika kwenye kisa hiki. Mateka mmoja, Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, alimwendea Wilfried Böse, Mjerumani aliyekuwa mmoja wa watekaji, akapandisha mkono wa shati na kumwonyesha namba aliyochanjwa kambini. Böse alikuwa ametoka kuita majina na kuwatenga abiria: Waisraeli chumba kile, wengine wabaki hapa. Akajitetea kwamba yeye si Mnazi, ni mtu anayeongozwa na imani yake katika haki.

Filamu ya mwongozaji Mbrazili José Padilha, 7 Days in Entebbe ya mwaka 2018, inamzunguka sana mtu huyu, na ndiyo sababu ilipotoka ililaumiwa kutoka pande mbili. Wapo waliosema inawapamba magaidi kwa kuwapa dhamira na mashaka. Wapo waliosema inawapa dhamira Wajerumani tu, huku Wapalestina, wenye kesi yenyewe, wakibaki kama mandhari ya nyuma. Mimi nadhani malalamiko ya pili yana uzito zaidi, nami nitayarudia.

Kwa asiyekumbuka: tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliondoka Tel Aviv kwenda Paris kupitia Athens. Athens wakapanda watekaji wanne: Wapalestina wawili wa kundi la Wadie Haddad, Mpalestina aliyekuwa akipanga utekaji wa ndege, pamoja na Böse na mwenzake Brigitte Kuhlmann. Ndege ikapitia Benghazi kuongeza mafuta, ikaishia Entebbe, ambako Idi Amin, rais wa Uganda, aliwapokea watekaji kama wageni wake. Walidai wafungwa 53 waachiwe, wengi wao wakiwa katika magereza ya Israel. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiwa kwa mafungu mawili. Rubani Michel Bacos na wahudumu wake wakabaki na waliobaki. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel wakatua na kuwachukua mateka. Watekaji wote waliuawa. Mateka watatu walikufa katika mapigano yale, akiwemo kijana wa miaka 19 ambaye makomando wenyewe walimpiga risasi wakimdhania mtekaji. Alikuwa ameinuka tu.

Sasa tuwasikilize watekaji, maana hoja yao si ya kipuuzi. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya laki saba waling'olewa makwao. Desemba mwaka uleule Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio kwamba wanaotaka kurudi nyumbani waruhusiwe kurudi. Hawakurudishwa. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi mwaka ule alikuwa na miaka kama 21 wakati Mpalestina Leila Khaled na mwenzake walipoteka ndege ya TWA mwezi Agosti 1969 na kuipeleka Damascus. Baada ya hapo magazeti yasiyokuwa na habari na kambi za wakimbizi yakaanza kuuliza Wapalestina ni nani. Mwaka 1974 Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, alihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mtetezi wa njia hii atakuuliza: bila ndege zile, angealikwa? Atakuuliza pia kwa nini risasi ya mtekaji inaitwa ugaidi na bomu linaloangukia kambi ya wakimbizi linaitwa operesheni.

Swali hili la pili linatugusa hata sisi wa pwani hii ya Afrika. Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, wafungwa 11 walipigwa na askari hadi kufa, na maelezo ya kwanza ya serikali ya kikoloni yakawa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Dola ina ofisi nzima ya kuyatafutia mauaji yake jina zuri, na mnyonge hana. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mabavu ni haramu daima, kwa yeyote, namwomba kwanza aeleze wale wa Hola walipaswa kwenda kushtaki wapi.

Hapo ndipo wengi hukomea: dhuluma ni kubwa, milango imefungwa, basi kila kitu ni halali. Mimi sifiki huko, na kinachonizuia ni ile orodha ya majina mkononi mwa Böse.

Böse hakuwa mnafiki. Alikuwa mtu wa vitabu kutoka Frankfurt, wa kizazi kilichowachukia wazazi wao kwa sababu ya Hitler. Huenda hakuna kitu alichokiogopa maishani kama kufanana nao. Na bado ndani ya siku tatu alikuwa amesimama mbele ya Wayahudi akiwapanga kwa majina. Filamu inalichukulia jambo hili kama msiba wa mtu mmoja aliyepotoka, na Daniel Brühl analiigiza vizuri, uso ukibadilika kidogo kidogo kila siku inapopita. Lakini kazi yenyewe ndiyo iliyomfikisha pale. Utekaji ni biashara ya kubadilishana, na mwenye biashara lazima apange bidhaa kwa thamani. Mfaransa anamsumbua nani huko Jerusalem? Muisraeli ndiye mwenye bei. Hata kama angekuwa malaika, ukimpa bunduki na abiria zaidi ya mia mbili, na serikali moja ya kuibana, siku ya tatu angeshika orodha.

Hapa ndipo utekaji unapoachana na aina nyingine za mabavu. Nelson Mandela, kizimbani tarehe 20 Aprili 1964, alieleza kwamba walipoamua kuacha njia ya amani waliona aina nne mbele yao: hujuma, vita vya msituni, ugaidi na mapinduzi ya wazi. Wakachagua hujuma, kwa kuwa haikulenga kuua watu. Haya aliyasema miaka minne baada ya polisi kuua watu 69 Sharpeville, Afrika Kusini, kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua uchungu. Unaweza kulipua mlingoti wa umeme bila kumgusa mtu. Huwezi kuteka ndege tupu ukadai nayo wafungwa. Mlingoti ni shabaha, lakini abiria ni nyenzo. Bila mtu asiyehusika kukaa kwenye kiti akiwa na mtutu kichwani, mpango mzima hauna nguvu.

Nakiri mstari huu hauna ukuta. Mei 1983 tawi la kijeshi la ANC, chama cha Mandela, lilitega bomu ndani ya gari katika mtaa wa Church, Pretoria, nje ya ofisi za jeshi la anga. Watu 19 walikufa, wakiwemo raia waliokuwa wakipita na watu wawili waliolipeleka bomu lenyewe. Ilibidi waliopanga wajieleze baadaye mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Ukishaanza kuchagua shabaha, kesho mtu mwingine atachagua vibaya kwa jina lako. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya chama kinachoulizwa kwa nini kilivuka mpaka wake na kundi lisilokuwa na mpaka wa kuvukwa.

Je, njia ile ya kuteka ndege ilifaa kitu? Septemba 1970 Wapalestina wa itikadi moja na watekaji wa Entebbe walipeleka ndege tatu kwenye uwanja wa jangwani huko Jordan, wakashusha watu na kuzilipua mbele ya kamera. Picha zilizunguka dunia nzima. Siku chache baadaye jeshi la Mfalme Hussein likawageukia Wapalestina nchini humo, maelfu wakafa, na hadi kufikia 1971 wapiganaji wao walikuwa wamefukuzwa Jordan. Dunia ilikuwa imewasikia, ndiyo, ila kwa wengi neno la kwanza walilolijua likawa «mtekaji», na «mkimbizi» likaja baadaye. Hata wanaosema Arafat alifika New York kwa mabawa ya ndege zilizotekwa inabidi wahesabu gharama hiyo.

Nyumbani tuna mfano mdogo. Februari 1982 vijana wa Kitanzania waliteka ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, wakaifikisha Stansted, Uingereza, wakitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Hakuna abiria aliyeuawa. Nyerere hakujiuzulu kwa ajili yao, nao wakafungwa Uingereza. Ni wangapi leo wanakumbuka walichokuwa wakikilalamikia?

Kuna jambo moja linalonifanya nisimhukumu Böse kirahisi hivyo. Mmoja wa mateka walionusurika alisimulia kwamba makomando walipoanza kufyatua risasi, Böse aliwaelekezea mateka silaha, kisha akasita na kuwaashiria wajifiche. Alikuwa na sekunde za kutosha kuua wengi. Padilha amelijengea jambo hili nguzo ya filamu nzima, na amechanganya uvamizi wenyewe na ngoma ya jukwaani, wachezaji wakiwa wamekaa kwenye viti katika nusu duara, wakijirusha na kuvua mavazi yao. Wengi ngoma hiyo iliwaudhi. Mimi haikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba kusita kwa Mjerumani mmoja kumepewa nafasi kubwa kuliko Waganda wote, na hapo narudi kwenye lile lalamiko la pili nililolitaja mwanzoni.

Maana Entebbe haikuishia usiku ule. Dora Bloch, mama mzee wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amepelekwa hospitali ya Mulago kabla ya uvamizi. Baada ya uvamizi watu wa Amin walimtoa wakamuua, na mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokuwa ameshaanguka. Askari wa Uganda waliouawa uwanjani hapo ni wengi, na kwenye filamu ni vivuli vinavyodondoka. Kisha Amin akawageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, kwa sababu ndege za Israel ziliruhusiwa kujaza mafuta Nairobi wakati wa kurudi. Waliouawa walihesabiwa kwa mamia, wengine wakakimbilia mpakani na walichoweza kubeba. Hawakuwa na kesi Palestina wala Israel, wala hawakupanda ndege yoyote. Watekaji hawakuwauliza, Nairobi haikuwauliza, na Padilha, aliyempa Böse dakika zote zile za kufikiri, hakuwapa hata kiti kimoja jukwaani.