Taa ya Peponi na ndoo ya lita 10

Mwenzenu hii stori ina miaka mitatu sasa na mke wangu ameshaisimulia kwenye kila shughuli ya kwao, arusini, kwenye maulidi, mpaka kuna msiba mmoja watu walikuwa wanafuta machozi huku mabega yanatikisika kwa kicheko, kwa hiyo nimeona bora niisimulie mwenyewe maana yeye anatia chumvi. Anasema nilianguka. Sikuanguka, nilikaa chini ghafla.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Mgogo wa Dodoma, nimeoa Tanga. Sasa wewe mtu wa bara uende kuoa Tanga halafu useme unafundisha Kiswahili, hapo umejitia kitanzi mwenyewe, kila ukifungua mdomo ukweni kuna mtu anasubiri ukosee. Anayenipenda bila masharti kule ni mmoja tu, Bibi, yaani bibi yake mke wangu, kazaliwa Lamu akaolewa Tanga enzi hizo, kapita miaka 80 na bado anaongea kama kateremka jahazini jana, chini kwake ni tini, macho ni mato. Kwa utani wetu ananiita mume wangu. Nikitokeza tu mlangoni anapaza sauti, "Ndoo, mume wangu, ndoo!" nami bila kinyongo natua begi, nakwenda bombani, nachota ndoo ya maji namfikishia mpaka uani. Ananiangalia, anacheka, ananiombea dua. Niambieni mkwe gani mwingine anafanya hivyo.

Basi bwana, mwezi wa pili mmoja kuna kikundi cha washairi pale mtaani kwao wakaandaa jioni ya mashairi, shemeji yangu akapeleka jina langu bila kuniuliza, eti shemeji ni mwalimu atatoa mada. Nikachagua mada nzito makusudi ili wanikome: taswira za dini katika mashairi ya zama tofauti. Nikachukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, hiyo ni mwanzoni mwa karne ya 19, nikachukua Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, nikachukua na lile shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina, maana Tanga huwezi kusimama mbele za watu usimtaje Shaaban Robert, watakutoa na viti. Na nikasema nitamalizia na Kezilahabi na Kichomi yake ya 1974, mashairi yasiyo na vina, niwachokoze kidogo. Kwa Kezilahabi sikufika.

Nilikuwa na fotokopi tu, haina ufafanuzi wa maneno magumu wala maelezo pembeni. Nikasema aah, mimi si mwalimu bwana, Kiswahili ni Kiswahili.

Nianze na Mwana Kupona. Yule mama alikuwa mgonjwa akamtungia binti yake wasia, anasema mwenyewe "Maradhi yamenishika, hata yametimu mwaka." Sawa. Halafu anamwambia mwanawe:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi

Nikasimamisha kalamu. Ndoo. Wino. Karatasi. Na mgonjwa! Jamani mtu yeyote aliyekaa pwani hata wiki moja anajua hiyo ni nini, hilo ni kombe, aya zinaandikwa kwa wino, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Nikaona nimegundua kitu ambacho wasomi wote wamekiruka. Na mbele kidogo anasema "Twaa nikufunge hirizi," nikapiga meza, imekamilika, kombe na hirizi, taswira mbili za tiba ya dini ndani ya utendi mmoja. Kwenye hirizi nilikuwa sawa kwa kweli, mama anachukua kile kitu ambacho watu wanakifunga mkononi anakigeuza kuwa maneno, hirizi yenyewe ni huo wasia, mtoto auvae. Lakini ndoo, jamani. Nilinunua na ndoo. Ya plastiki, ya bluu, lita 10, nikatie maji ndani watu waone.

Halafu Al-Inkishafi. Humo Sayyid Abdalla anauonya moyo wake kuhusu dunia, anaufananisha uhai na taa ya katika pepo, ikizimika haizuiliki. Nikasoma nikakuna kichwa. Taa ya Peponi inazimikaje? Peponi si ndiko kwenye nuru ya milele? Hapo mtu mwenye akili angefungua kamusi. Mimi nikafungua kurasa tatu za uchambuzi, kwamba mshairi ameiona Pate ikianguka, majumba ya matajiri yamebaki magofu, uchungu umemzidi mpaka anatikisa nguzo za imani, anathubutu kuizima hata taa ya Peponi! Nikaunganisha na Shaaban Robert anayemwambia Amina:

Nakuombea mwanga, peponi kukubaliwa

Mnaona sasa? Mwanga, na peponi. Zaidi ya miaka 100 imepita, taa iliyozimwa Pate inawashwa tena Tanga! Usiku ule nilimwamsha mke wangu nimsomee. Akasema ni nzuri, akageukia ukutani. Wale washairi wakaandika kabisa bango la kitambaa: KUTOKA PATE HADI TANGA: TAA YA PEPONI. Nikanunua na kibatari ili niwashe mbele ya hadhira, na viberiti viwili.

Siku yenyewe ukumbi umejaa, joto la kaskazi lile la Tanga ambalo shati linakushika mgongoni kama deni, feni ni mbili na moja imekufa zamani. Bibi kawekewa kiti mbele kabisa, chini ya hiyo feni nzima, kanga mpya, tambuu shavuni. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mume wangu, nikajisikia mwamba.

Nikaanza na ndoo kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeibeba. Nikaiweka mezani, nikaeleza kombe lote, wino, karatasi, mgonjwa, watu wananitazama. Nikaona Bibi kajifunika mdomo kwa kanga, macho yanamtoka machozi. Nikasema kaguswa, kamkumbuka mama yake huyu. Nikaongeza sauti. Hapo hapo nikawachomekea mtu wa kwetu Dodoma, Mathias Mnyampala, aliyeichukua Enjili na Zaburi za Wakristo akazitia kwenye utenzi, mizani nane nane, yaani silabi nane kila kipande, ile ile ya Mwana Kupona, chombo kimoja kimebeba dini mbili. Wakapiga makofi. Hayo ndiyo makofi pekee ya haki niliyopata siku ile na ninayatunza.

Nikaingia kwenye taa. Nikawasha kibatari, nikakinyanyua juu, nikasema, "Ndugu zangu, taa ya Peponi!" Ikazimika. Nikawasha tena, ikazimika. Feni. Nikamwita kijana wa ukumbi nikamwambia azime feni, watu wakaguna lakini wakavumilia, elimu ina gharama zake. Nikawasha mara ya tatu, ikashika, nikaendelea na nguzo za imani. Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono, "Ticha, pepo si mashetani? Labda ni taa ya kupungia watu," nikamwambia kijana tuheshimu maandiko ya wazee, hilo ni neno moja lenye maana mbili, msomi anatazama muktadha. Aisee. Nilisema hivyo. Muktadha.

Dakika tano bila feni ule ukumbi ukawa tanuri. Akina mama wa mstari wa mbele wakachukua ile karatasi niliyowagawia, yenye uchambuzi wangu wa kurasa tatu, wakaikunja wakaanza kujipepea, kwanza mmoja, halafu wote, pu pu pu pu, kibatari kikayumba, kikayumba, kikazimika. Nami kwa hasira nikasema, "Jamani naomba msipepee, taa ya Peponi inazimika!"

Kimya. Ndipo Bibi akatoa tambuu shavuni, akaifunga kwenye kipande cha karatasi (uchambuzi wangu huo huo), akasema taratibu, "Mume wangu, hiyo feni iwashwe."

"Bibi, taa haitakaa."

"Ndivyo asemavyo Sayyid Abdalla kuwa haikai. Yakuzimikia mara tatu nawe hujafahamu tu? Skuli hukusoma pepo za kusi na pepo za kaskazi?"

Nikasema tumesoma, Bibi. Na si kusoma tu, nilifundisha jiografia miaka miwili pale mwalimu wake alipohama, nimechora mishale ya pepo za kusi ubaoni kwa mkono wangu huu.

"Basi hizo zaenda wapi? Peponi?"

Nadhani Tanga nzima ilisikia kicheko kile. Upepo, pepo. Mmoja upepo, nyingi pepo. Taa ya katika pepo ni taa iliyowekwa upeponi, kibatari mbele ya feni, na mimi nimesimama pale nusu saa nikiigiza ule ubeti mbele ya watu mia bila kujua kwamba ninauigiza, feni inafanya kazi yake, akina mama wanafanya kazi yao, taa inafanya kazi yake, hajui mtu mmoja tu na ndiye ameshika kipaza sauti. Nyuma yangu bango limeandikwa TAA YA PEPONI kwa herufi za futi moja.

Feni ikawashwa. Na Bibi hakuniachia hapo, akaanza kuisoma Al-Inkishafi kwa moyo, bila karatasi, kwa ile mahadhi ya kwao:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Watu wakanyamaza wenyewe. Akatueleza kwamba madaka ni vile vishimo vya ukutani, kwao wanaviita zidaka, hata nyumba waliyozaliwa ilikuwa navyo, mama yake alikuwa anapanga humo sahani za kauri na watoto hawaruhusiwi kuzigusa, na mle Pate sahani zimeondoka makinda ya ndege ndiyo yamelala. Nimesoma ubeti ule mara kumi nikaandika pembeni "taswira ya uharibifu," lakini siku hizi nikiusoma naona kitoto cha kike kimesimama mbele ya ukuta kinatamani kugusa sahani. Halafu akanihurumia kidogo, akasema lile la Shaaban nililoleta si baya, ni kwamba nimelifunga kwenye kamba isiyo yake. "Taa yazimika huku kwenye pepo, ndipo aliyebaki akuombee mwanga kule Peponi. Hakuna aliyezima wala aliyewasha." Mzee mmoja wa kikundi akatoa kalamu akaandika. Uchambuzi wangu wa kurasa tatu, Bibi kaupanga kwa maneno yasiyofika ishirini, tena huku anatafuta wapi pa kutupa tambuu.

Sasa mimi nilidhani yameisha. Nimeshika ndoo yangu nataka kuondoka jukwaani, Bibi akapigapiga kiti kilichokuwa wazi pembeni yake, akaniangalia kwa upendo kabisa, akasema:

"Ndoo mbee ujilisi."

Nami, Mungu ni shahidi, nikampelekea ndoo.

Nikaiweka miguuni pake, maji yakaruka yakalowesha kanga mpya. Ukumbi ukapasuka. Bibi kashika mbavu, anajaribu kusema hawezi, anapiga kiti tu kwa kiganja, "Wewe, wewe! Ndoo wewe!" na hapo ndipo kitu kikateleza kichwani kwangu. Chini ni tini. Macho ni mato. Njia nimeshamsikia anaita ndia. Sasa njoo itakuwa nini?

Njoo mbele ukae. Na wino na karatasi, maana mama anataka binti yake aandike. Hakuna kombe. Hakukuwa na maji popote kwenye ule utendi, maji niliyaleta mimi kutoka bombani. Hapo ndipo nilipokaa chini ghafla, pale pale sakafuni pembeni ya ndoo, na si kwa sababu ya Mwana Kupona peke yake, ni kwa sababu hesabu nyingine ilikuwa inajipiga yenyewe kichwani: miaka minne ya ndoa, kila nikifika mlangoni, "Ndoo, mume wangu, ndoo!"

Njiani kurudi nikamuuliza mke wangu, hivi wewe ulikuwa unajua? Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Sasa mbona hukuniambia? Akasema walikaa kikao, yeye na mama yake na Bibi, wakakubaliana waache kwanza, maana lile pipa la uani lilikuwa halijawahi kujaa vile.