Kikao cha harusi tunacho, cha bibi hatuna

Wanaolalamika kwamba familia ya asili imekufa Tanzania huwa na picha moja kichwani: baba, mama na watoto wao ndani ya geti. Hiyo ni familia ya mfanyakazi wa mjini, na kwetu haina umri mrefu. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake na juu ya ardhi. Kwa Wakurya wa Mara, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kumtolea ng'ombe mwanamke mwenzake na kumuoa, na watoto waliozaliwa wakawa wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobhu, na haijafutika. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, huwachukulia kuwa wanandoa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kufahamika hivyo kwa watu, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hiyo mama anayelea peke yake, au vijana walioanza maisha bila harusi, hawanitishi. Kinachoniuma ni bibi.

Tunazaa mjini, kodi inatushinda, mtoto anapakiwa basi na begi lake kwenda kijijini. Tunasema "anakaa kwa bibi yake" kana kwamba ni likizo. Mama yangu mkubwa analea wajukuu kutoka kwa watoto wake watatu. Ada ilifutwa tangu 2016 hadi kidato cha nne, lakini Januari ikifika viatu vinanunuliwa, madaftari yananunuliwa, na sare ya mwaka jana imeshapanda juu ya magoti. Nimemsikia akiongea na mwanawe kwenye simu yake ya kitochi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyu mtoto anaenda shule na kandambili."

"Mwisho wa mwezi nitatuma, mama."

"Haya. Usisahau ya kutolea."

Ile ya kutolea ilisahaulika. Alikatwa makato kwenye hela ambayo tayari haikutosha, na jioni akapeleka kuku wawili kwa jirani.

Zamani mzigo wa namna hii uligawanywa. Shangazi alichukua mmoja, mjomba akamsomesha mwingine, baba mdogo akaleta debe la mahindi bila kuombwa. Siku hizi wote hao tuna vyumba viwili vya kupanga na visingizio, mimi nikiwemo, na malezi yote yameangukia mgongo wa mwanamke mmoja mwenye presha.

Usiniambie hali ni ngumu. Ndugu akitangaza harusi, wiki hiyohiyo kuna kundi la WhatsApp, kuna mwenyekiti na mweka hazina, orodha ya ahadi inabandikwa kila asubuhi na asiyetoa anapigiwa simu. Ukoo unaoweza kuchangia mamilioni ya ukumbi wa usiku mmoja unaweza kumchangia bibi sukari, dawa na viatu vya wajukuu kila mwezi. Tuanze na mweka hazina yuleyule, tarehe ileile ya kupokea mshahara, na orodha ibandikwe wote tuione. Na wa kwanza kuandikwa ahadi wawe wazazi wa watoto wenyewe, pamoja na ya kutolea.