Mechi za kirafiki za Japani na Thailand, tusiishie kuangalia ubao wa magoli

Kila ikitajwa J.League Asia Challenge, yale mashindano ya kirafiki yaliyoanza Januari 2017, klabu za Japani zikawa zinashuka Thailand kucheza na klabu za kule kabla msimu wao haujaanza, nasikia maneno yaleyale, kwamba hilo ni bonanza tu, Wajapani wanafuata jua na hela, Wathai wanapigwapigwa pale halafu wanapiga picha na wageni, basi. Siyo kwamba ni uongo wote, kuna ukweli humo na ntausema, ila nahisi wanaosema hivo wanaangalia ubao wa magoli wakati mzigo wenyewe umeshushwa sehemu nyingine kabisa.

Tuanze na hoja yao maana ina uzito. Hela ipo, hakuna anayeficha. J.League, yani ligi ya Japani, ilisaini makubaliano ya ushirikiano na ligi ya Thailand mwaka 2012, na kuuza haki za matangazo na kuvuta wadhamini ilikuwa kwenye mpango toka mwanzo, tena kwenye nchi iliyojaa viwanda vya magari ya Kijapani, ligi ya Thailand yenyewe kuna miaka ilikuwa inabeba jina la Toyota. Halafu ukikaa ukaziangalia hizi mechi unaelewa kwanini shabiki anakasirika: kipindi cha kwanza ndo unaanza kuizoea timu, umeshajua kiungo anapenda kugeukia upande gani, mapumziko yanaisha wanaingia watu kumi wapya, mgongoni namba 30 na 40 huko, kipa wa akiba anapiga kelele kupanga mabeki ambao hajawahi kucheza nao, na joto lile la Bangkok mpaka refa anasimamisha mpira watu wanywe maji. Mtu amelipa tiketi aone mabingwa, anaona watoto wa akademi.

Na kubwa zaidi ni ratiba. Toka 2020 Wathai walihamisha msimu wao, sasa unaanza Agosti au Septemba na kuisha mwezi wa tano, kwahiyo Januari kwa Mjapani ni kupasha misuli, kwa Mthai ni katikati ya vita ya pointi. Unamwambia kocha anayepigania ubingwa atoe kikosi chake kwa mechi isiyo na pointi hata moja, beki wake wa kati akichanika msuli pale, ligi haitamsubiri. Hapa wakosoaji wamenishika na siwezi kuchomoka.

Ila chukua Januari 2017 yenyewe. Kati ya timu zilizokuja ilikuwepo Kashima Antlers, na hawa mwezi mmoja nyuma walikuwa fainali ya Klabu Bingwa Dunia pale Yokohama, dakika 90 ziliisha 2-2 na Real Madrid mpaka wakaja kumalizwa 4-2 kwenye muda wa nyongeza. Kocha wao alikuwa Masatada Ishii, shika hilo jina. Sasa we ni kiungo wa klabu ya Thailand, anasimama mbele yako mtu ambaye wiki chache tu zilizopita alikuwa anamkaba Modrić, kiungo wa Real Madrid, unaijua kasi yake kwa mwili wako, unajua anavyopokea pasi ameshageuza bega, na unajua pia kwamba anachoka kama wewe, anakosea kama wewe. Tarehe 28 Februari Kashima haohao wakarudi Thailand, safari hii Ligi ya Mabingwa Asia, pointi zipo mezani, Muangthong United wakawapiga 2-1. Sisemi ushindi ule ulitoka kwenye bonanza, Muangthong walikuwa na timu kali, na hata hivo kwenye 16 bora walikuja kunyooshwa na Kawasaki Frontale ya Japani 3-1 nyumbani na 4-1 ugenini. Nachosema ni kwamba ule woga wa kumuona Mjapani kama mtu wa kwenye tivii ulikuwa umeanza kutoka.

Na kwa upande wa pili Wajapani nao walikuwa wanatoka kwenye ujinga wao. Katikati ya mwaka huohuo Hokkaido Consadole Sapporo walimchukua kwa mkopo kutoka Muangthong Chanathip Songkrasin, kiungo mwenye urefu wa sentimita 158, Wathai wanamwita Messi Jay. Sentimita 158! Kwenye karatasi ya skauti jina kama hilo linapitwa bila kusomwa mara mbili, hapa ndo mtu ulazimike kumuona, umuone anavyoingia kati ya mabeki wawili mpira umeganda mguuni na hawajui wamguse wapi. Msimu wa 2018 alitupia magoli 8, Sapporo wakamaliza nafasi ya nne ambayo hawajawahi kuifikia kabla yake, na yeye akaingia kikosi bora cha ligi, mchezaji wa kwanza wa kusini mashariki mwa Asia kufika pale. Mwaka uliofuata beki wa kushoto Theerathon Bunmathan alikuwa na Yokohama F. Marinos, siku ya mwisho ya msimu, 7 Desemba 2019, watu 63,854 uwanjani, wanacheza na FC Tokyo ambao ndo waliokuwa wanawafukuzia ubingwa, na goli la kwanza akalifunga yeye, shuti limegonga mtu likapanda juu likamshukia kipa kwa nyuma. Ikaisha 3-0, Mthai wa kwanza kubeba ubingwa wa J1, daraja la kwanza la Japani, akiwa amefungua njia kwa goli lake mwenyewe.

Na hao hawakufika kwa huruma. J.League waliweka kanuni kwamba mchezaji kutoka nchi washirika, Thailand, Vietnam, Indonesia, Malaysia na nyingine chache, hahesabiwi kwenye idadi ya mapro, wale wachezaji wa kigeni, yani klabu haipotezi nafasi ya Mbrazili kwa kumsajili Mthai. Lakini kanuni inafungua mlango tu, mtu wa kuingia lazima awe ameonekana, na huwezi kumuona mchezaji wa Thailand akibanwa na timu ya Japani mpaka uwakutanishe. Ligi ya Mabingwa inawakutanisha timu mbili tatu kubwa basi, wale wa katikati ya msimamo watakutana wapi?

Sasa nirudi kwa Ishii, maana kwangu hapa ndo penyewe. Yule kocha aliyekuja na Kashima mwaka 2017 miaka michache baadae alirudi Thailand kufanya kazi, akafika Buriram United akabeba makombe yote matatu ya ndani misimu miwili mfululizo, 2021/22 na 2022/23, na mwisho wa 2023 akakabidhiwa timu ya taifa. Mechi yake ya kwanza ilikuwa ya kirafiki, tarehe 1 Januari 2024, Tokyo, dhidi ya Japani. Wakala mkono. Tano bila.

Watu waliicheka sana ile mechi, wakasema huo ndo ushahidi, mnacheza nao kila mwaka na bado mnapigwa tano. Mimi ile 5-0 imenikaa kichwani mpaka leo, kwa sababu mapumziko ilikuwa 0-0. Dakika 45 nzima Wathai walisimama, mistari miwili imebana, Japani wanazunguka nje hawapati mlango, halafu kipindi cha pili sabu zikaingia, dakika ya 51 Ao Tanaka akafunga, ukuta ukaporomoka wote. Siku 15 baadae walikuwa Qatar kwenye Kombe la Asia. Wakaifunga Kyrgyzstan 2-0. Wakatoka suluhu na Oman. Wakatoka suluhu na Saudia. Mechi tatu za kundi bila kuruhusu goli hata moja, timu ileile, kocha yuleyule, wiki mbili tu toka mkono wa Tokyo!

Nimejaribu kujipinga mwenyewe kwenye hili. Kyrgyzstan siyo Japani, sawa. Saudia walikuwa wameshafuzu siku ile na walipumzisha watu, sawa. Na hatua ya 16 bora Uzbekistan waliwatoa 2-1, kwahiyo hawakugeuka kuwa miamba. Lakini bado nauliza, kama ile mechi ya Tokyo ilikuwa ya kupiga picha tu, walijulia wapi kwamba ukuta wao unavunjika dakika gani na upande gani? Kocha alipata kitu ambacho mazoezini huwezi kukitengeneza, aliona timu yake ikifa mbele ya macho yake ikiwa bado kuna muda wa kuifufua. Ukicheza na timu saizi yako unashinda 3-0 unaenda Qatar na furaha na tundu lako halijazibwa. Kweli Oktoba 2025 chama chao kilimtimua Ishii, mpira ndo ulivyo, ila zile mechi tatu hakuna anayeweza kuzifuta.

Kitu kinachoniuma kweli kwenye hoja ya wakosoaji siyo hela wala vipigo, ni kwamba njia inaelekea upande mmoja na hata hiyo inaanza kuota majani. Chanathip alienda Kawasaki 2022 akasotea benchi na majeraha, 2023 akarudi nyumbani BG Pathum United. Theerathon alisharudi Buriram. Supachok Sarachat amepambana Sapporo, klabu ikashuka daraja mwisho wa 2024. Klabu kubwa za Thailand zinalipa vizuri, mtu anakaa karibu na familia, anacheza kila wiki, kwanini ahangaike na theluji ya Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini kilipo Sapporo? Hilo bonanza peke yake halitalitatua.

Ndo maana mabadiliko ya ratiba ya Japani nayaona makubwa kuliko yanavyozungumzwa. Wameamua kwamba kuanzia 2026/27 ligi yao inaanza Agosti na kuisha kuelekea katikati ya mwaka unaofuata. Maana yake ile Januari ya kupasha misuli Bangkok imekufa, na kuna watu wameshaanza kusema basi mashindano nayo yazikwe. Kwangu ni kinyume kabisa, kwa mara ya kwanza toka 2020 pande zote mbili zitakuwa kwenye maandalizi kwa wakati mmoja, mwezi wa saba, hakuna kocha wa Thailand wa kulalamika kwamba mnamchania beki katikati ya ligi. Tatizo ni kwamba Julai Bangkok ni msimu wa mvua, uwanja unaweza kujaa maji jioni moja, na Wajapani watakuwa wanatafuta baridi.

Basi wageuze safari. Hokkaido mwezi wa saba hakuna joto kama la Tokyo, na Sapporo ndo mji wa Japani ambao umeshawahi kuzoea kushangilia Mthai, jezi namba 18 ya Chanathip ilivaliwa pale na Wajapani wenyewe. Buriram, BG Pathum, Bangkok United waende wao wiki mbili, wacheze mechi tatu nne, na zile klabu ndogo za daraja la pili la Japani zije kuangalia na daftari zao.