Insulini Isiyosubiri Jokofu

Vita, mafuriko au ukame vinapowahamisha watu, watoa misaada huwaendea kwanza majeruhi, wagonjwa wa kipindupindu na watoto wenye utapiamlo, nami siwalaumu. Ninacholaumu ni mazoea ya kumweka mwenye kisukari, presha, pumu au kifafa mwisho wa foleni, ati ugonjwa wake ni wa kudumu, basi unaweza kungoja. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikatiziwa insulini hana muda wa kungoja. Siku chache tu zaweza kumuua.

Mfano ni Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa nchini Kenya, zilizofunguliwa kuanzia 1991 kwa ajili ya Wasomali waliokimbia vita. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, ilhali mkimbizi hana jokofu wala umeme, na mchana wa huko hufika nyuzi 37. Kwa kuifuata kanuni hiyo, mgonjwa hulazimika kurudi hospitalini kwa kila sindano, hata mara kadhaa kwa siku, awe na watoto wa kulea au zamu ya kuchota maji.

Mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti wa jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kupimwa miaka mingi kabla. Maabara iliiga joto la Dagahaley, lenye kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini iliyokaa humo wiki 4 ikaonekana kuwa na nguvu sawa na ile ya jokofuni.

Wapo wanaohofu kwamba mgonjwa asiyejua kusoma, akikaa na insulini nyumbani na kujidunga mwenyewe, atakosea kipimo. Hofu hiyo ina msingi, kwani sukari ikishuka ghafla huua pia, lakini dawa yake ni kumfundisha. Atoke kliniki na chupa ya mwezi, mabomba ya sindano, kifaa cha kupimia sukari pamoja na vijiti vyake, kadi yenye jina la dawa na kiasi chake, na mtu mmoja wa nyumbani anayezijua dalili za kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa. Vita vikizuka tena usiku, huyo ataondoka na dawa yake mkononi, wakati mwenzake aliyetegemea jokofu la hospitali ataikuta hospitali imefungwa.